Nairobi Expressway: soo tano ya kununua dakika

Wacha nianze na hesabu juu ndio inauma kwanza. Gari ndogo ukiingia Expressway, ile barabara ya kulipia ya Nairobi, pale Mlolongo ukashuka mwisho kule James Gichuru, Westlands, tozo ni shilingi 500, kurudi ni 500 ingine, weka siku 22 za kazi unapata 22,000 kwa mwezi na hapo hujaweka mafuta, hujalipa pakingi ya tao, hujakula hata chapo. Hapa kwetu Mlolongo hio ni kodi ya nyumba ya maana na unabaki na ya gesi. Kwa hivyo mtu akiniuliza kama Expressway ni poa mimi namuuliza kwanza unaenda wapi, saa ngapi, na ni nani analipa. Mimi ni dereva wa teksi za apu, huko juu nimepita tangu wafungue kwa majaribio Mei 2022, na kuna siku nimeshuka nikiibariki na kuna siku nimeshuka nikiona pesa yangu imeenda na maji.

Barabara yenyewe sina neno nayo. Kilomita 27 hivi, imekaa pale katikati ya Mombasa Road, ikifika mjini inapanda juu ya nguzo inafuata Uhuru Highway mpaka Waiyaki Way, lami imelala vizuri, na kile kinaleta raha si lami hata, ni vile vitu havipo: hakuna boda, hakuna tuktuk, hakuna mkokoteni wa maji, hakuna mtu anavuka mbio na mtoto mgongoni, hakuna mathree (matatu) inasimama ghafla juu konda ameona mama amenyoosha mkono. Mwisho wa mwendo ni 80. Piga mwenyewe, 27 kwa mwendo wa 80 ni dakika 20 na kitu, na nimeshaipiga hivyo, asubuhi, watu wa chini wakiwa wamezima injini kabisa.

Na mandhari! Si watu wengi wanaongelea hii lakini pale uwanja wa Nyayo wale ndege wakubwa wenye shingo ya upara, wale walizoea kutunyea magari tukiwa kwa jamu, sasa unapita ukiwa nao macho kwa macho. Uhuru Park unaiona yote. Upande wa Waiyaki Way kuna ule mti mzee wa mugumo ambao walikuwa waukate wakati wa ujenzi, watu wakapiga kelele mpaka 2020 rais mwenyewe akasema uachwe, nikiwa na mgeni huwa namwonyesha, hio stori siwezi kumlipisha.

Haya, siku niliibariki. Ijumaa, mvua, saa kumi na moja jioni, nimechukua mama mmoja Westlands anaenda JKIA, ana masanduku mawili na ndege yake ni usiku. Namuuliza, mathe tupite juu ama chini? Akasema chini, pesa ya juu hana, na mimi siwezi kumlazimisha mtu. Kutoka pale mpaka Museum Hill, mahali hata ukitembea unafika, tulikaa dakika 40. Anaangalia simu, anaangalia juu, magari yanapita huko vuu vuu, anaangalia simu tena. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "kijana yangu, panda." Tukapanda. Hakuongea tena mpaka tukaona taa za uwanja wa ndege, halafu akacheka peke yake, akanipa pesa ya tozo na soda juu. Siku kama hio hakuna mtu atakuambia ni ghali.

Siku ya kutupa pesa nayo ni asubuhi, unatoka Syokimau unaenda tao. Huko juu unapepea vizuri, dakika chache uko Haile Selassie, unashuka, alafu unaingia kwa ile raundabauti. Na raundabauti haijui ulilipa. Wewe na yule aliyepita chini bure mnakutana pale bampa kwa bampa mkingojea askari wa trafiki awaonee huruma, na kuna siku nimetambua gari niliyoiacha nyuma Syokimau, iko nyuma yangu magari sita hivi. Hapo ndio nilielewa kitu wanauza. Wanauza kipande cha katikati, kile cha mwanzo na cha mwisho bado ni Nairobi ile ile. Kama mwisho wako ni Westlands, Kangemi, huko mbele, unapata dakika zako zote. Kama mwisho wako ni katikati ya tao saa mbili asubuhi, unapata nusu na bei haikuulizi.

Kulipa ni rahisi, hapo nawapa haki yao. Kuna kile kifaa cha kubandika kwa kioo, unakiwekea pesa kabla, ukifika unapunguza mwendo na kizuizi kinajiinua. Kuna kadi. Na kuna keshi, ambayo ndio foleni ndefu, kila mtu anatafuta chenji chini ya kiti. Kama unapita zaidi ya mara mbili kwa wiki chukua kifaa, usiwe kama mimi nilikaa miezi nikishikilia keshi ati ndio nione pesa ikitoka. Lakini pia angalia salio kabla hujaondoka kwa nyumba. Kuna siku nilijipanga leni ya kifaa na salio imeisha, kosa ni langu kabisa, nyuma kuna prado nne zinapiga honi na mteja wangu anajifanya analala. Sijawahi kuona aibu kama hio.

Kosa lingine langu: kupitwa na njia ya kushuka. Nilikuwa nabishana kwa simu (handsfree, kabla hamjaanza), Haile Selassie ikapita nikiiona, na huko juu hakuna kusema wacha nirudi kidogo. Nikajipata Museum Hill, nimelipa zaidi, na bado nikateremka na jamu ya kurudi tao. Tafadhali usirudi nyuma. Nimeona mtu akijaribu, na magari yanakuja na 80. Lipa tu hio pesa ya ujinga uende.

Sasa hii maneno ya nani analipa. Kuna apu moja, siitaji, ambayo kwa wakati fulani tozo ilikuwa ni maelewano yako na mteja, haiko kwa bei, kwa hivyo mteja anaona 900 kwa simu alafu wewe ukimwambia ongeza 500 anakuangalia kama mwizi. Nilishafikisha jamaa, amefika mapema, amefurahi, akasema yeye hakuniomba nipite juu. Nikala hasara. Tangu hio siku naandika kwa meseji kabla sijawasha gari, "tunapita juu, tozo ni yako, sawa?" Asipojibu sawa tunapita chini tukipiga stori.

Lakini kitu kinanisumbua zaidi ni ile bei inatoka wapi, maanake watu wengi nabeba wanadhani hio pesa inaenda serikalini. Haiendi, si kwa njia hio. Hii barabara ilijengwa kwa ule ubia wa serikali na kampuni, PPP. Serikali kupitia KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, ikatoa nafasi, ile katikati ya Mombasa Road ambayo ilikuwa ya wote, na Wachina wa kampuni ya CRBC wakaleta pesa na wakajenga, ikatajwa bilioni 88 hivi mwishowe. Alafu kampuni yao, Moja Expressway, inaendesha na kukusanya tozo kwa miaka 27, ndio barabara irudi kwa serikali. Kwa hivyo ile maneno tulikuwa tunaambiwa ati haitumii pesa ya mlipa ushuru, ni kweli ukiisoma polepole. Haikutumia ushuru wangu. Inatumia mfuko wangu moja kwa moja, na hio miaka 27 ukihesabu kutoka 2022 unafika 2049. Mtoto wangu yuko PP2, bado chekechea. Atamaliza shule, ataoa akitaka, atanunua gari, na bado atakuwa anasimama pale Mlolongo kwa kizuizi.

Na deni la kuijenga ni la dola. Hapo ndio siri ya bei iko. Ilipoanza, hio safari nzima ya Mlolongo hadi Westlands haikuwa inafika 400. Shilingi ikaanza kuanguka, na kampuni inakusanya shilingi lakini hesabu zake ni za dola, basi mkataba unawaruhusu bei ibadilishwe, na Januari 2024 tukaamka tukapata 500, na hata kile kipande kifupi kabisa ni 170. Wakati huo dola ilikuwa inakaribia 160. Miezi michache baadaye shilingi ikapata nguvu ikarudi 129, 130 hivi, na mimi kama mjinga nikaanza kungoja bei nayo ishuke. Mwaka ukaisha nikilipa 500. Sasa mimi sijasomea uchumi, lakini kama dola ikipanda napandishiwa, dola ikishuka si hata mnipigie simu tu mniambie pole?

Ndio maana sikushangaa sana Julai 2023 maandamano yalipofika Mlolongo wakaharibu ile stesheni ya tozo. Sisemi walifanya vizuri, nilikuwa nyumbani nikiangalia moshi na nikijua kesho sina njia ya kazi. Lakini jirani yangu mmoja, yeye hupanda mathree kila siku, aliniambia kitu sijasahau, kwamba hio barabara inapita juu ya kichwa yake kila asubuhi na hajawahi kuikanyaga. Na ni ukweli, boda haruhusiwi, mtu wa miguu haruhusiwi, na ile mpango wa mabasi ya BRT, yale ya kasi yenye leni yao, laini waliyoiita Ndovu, ambayo kwa karatasi ilikuwa ipite hapa hapa Mombasa Road, watu wa mathree bado wanaingoja. Wakati wa ujenzi chini kulifukuliwa, miti ikaenda, vibanda vikaenda, wenye kutembea ndio walikula vumbi, alafu barabara ikaisha na wao hawako kwa orodha ya bei hata.

Nilikuwa Dar kwa harusi ya binamu na nikapita lile daraja la Kigamboni, nalo ni la kulipia, NSSF yao, ule mfuko wa pesa za uzeeni, ndio iliweka pesa nyingi. Lakini boda anapita na kabei kake kadogo, na 2022 walishusha tozo baada ya watu kulalamika. Najua daraja si Expressway, urefu si mmoja na mkataba si mmoja. Nimesema tu.

Sasa huku kwetu ni zamu ya watu wa Nakuru, ile barabara ya kulipia ya Rironi mpaka Mau Summit, na sehemu moja wamepewa hao hao CRBC pamoja na NSSF ya kwetu. Hapo nilicheka. Pesa yangu ya uzeeni inaenda kujenga barabara, alafu nikienda ushago nailipia kwa kizuizi, alafu nikizeeka narudishiwa. Labda ni hesabu nzuri, bado naizungusha kwa kichwa.

Kwa hivyo nyota? Barabara nampa nne na nusu. Bei mbili. Ile raundabauti ya mwisho wa safari sina nyota, nina matusi.

Mimi saa hii natumia hivi: abiria wa uwanja wa ndege, juu, kila wakati, na analipa yeye. Mgonjwa, juu, hata akiwa hana tutaongea mbele. Jumapili asubuhi chini, huna haja, Mombasa Road iko wazi. Siku za kazi nikiwa peke yangu nangoja, nakunywa chai pale Mlolongo kwa mama mmoja anauza mandazi karibu na daraja la wapita njia, saa tatu na nusu hivi chini kunafunguka, naenda pole pole na soo tano yangu iko kwa mfuko. Yeye mwenyewe ananiambia tangu bei ipande mandazi zinatoka zaidi.