Paralaksi au mdundo: ipi ya kupimia umbali wa nyota?

Simama Moshi asubuhi Kibo ikiwa wazi, nyoosha kidole, fumba jicho moja kisha jingine: kidole kinaruka mbele ya theluji. Hiyo ndiyo paralaksi. Kwa nyota, badala ya macho mawili tunatumia Dunia ikiwa upande huu na ule wa Jua, kwa kupishana miezi sita. Ni jiometri tupu. Ila nyota ikiwa mbali mno, mruko hauonekani hata kwa chombo cha Gaia kilichorushwa 2013.

Hapo nyota za Kefeidi, zile ambazo mng'aro wake hupanda na kushuka kwa mdundo, zinashinda. Mwaka 1912 mwanaastronomia Henrietta Leavitt alionyesha kwamba zinazodunda polepole ndizo angavu zaidi. Hesabu siku za mdundo, upate mng'aro halisi, linganisha na unaouona. Hivyo ndivyo mwanaastronomia Edwin Hubble alivyopima umbali wa Andromeda, galaksi jirani. Eta Aquilae, Kefeidi ya mdundo wa siku 7 hivi, hupita karibu na utosi wetu Agosti saa nne usiku. Umeme ukikatika ndiyo inaonekana vizuri.

Mimi naanza na paralaksi. Bila yake mdundo hauna pa kushikia: umbali wa Kefeidi za karibu ndio unaotuambia mdundo fulani una mng'aro halisi kiasi gani. Kwa masi (wingi wa maada ya nyota), zote mbili hazitoshi: anatafutwa Kefeidi mwenye nyota mwenza wanaozungukana, kama yule wa Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani, aliyepimwa 2010, takriban mara 4 ya Jua.