Uzoefu wangu na vyambo laini vya mtetemo katika mikondo ya Lamu

Chambo laini cha mtetemo ni samaki bandia wa mpira mwororo uliofunika kipande cha risasi, mwenye kitundu cha kufungia uzi mgongoni na ndoana mbili za ncha tatu tumboni. Nchini Australia hutumika sana kuvulia barramundi kwenye milango ya mito. Kwa kuwa na sisi tuna mikondo iliyozungukwa na mikoko na maji yasiyoonyesha chini, nilianza kukitumia katika mkondo wa Mkanda, kandokando ya kisiwa cha Manda na pande za Kipungani.

Wengi wanaoniuliza habari zake huanza na rangi. Mimi huanza na uzito, kwa sababu chambo hiki hakina faida yoyote kisipofika chini. Wakati wa maji mafu, yaani kupwa na kujaa kunapokuwa kudogo, cha gramu 12 hadi 15 kinatosha katika vijito; bamvua, yaani maji makuu, likiingia, mkondo hukibeba chambo hicho hicho na uzi ukapinda bila kugusa kitu, na hapo nahitaji cha gramu 25 au 30. Urefu wa milimita 70 hadi 90 umenifaa kwa samaki wa aina zote ninaowatafuta.

Namna ya kukivua ni kukirusha, kukiacha kizame mpaka uzi ulegee, kisha kuinua fimbo taratibu kiasi cha nusu mita hadi mtetemo usikike mkononi, na kukiacha kirudi chini huku uzi ukiwa umenyooka. Huko kurudi chini ndiko kwenye kazi yote. Samaki wangu wengi wamekidaka kikiwa kinashuka, na mara nyingi sikusikia mshtuko wowote ila uzito niliokuta nilipoinua tena. Anayeuachia uzi ulegee kupita kiasi hatajua kwamba samaki aina ya kungu amekwisha kukitia kinywani na kukitema. Saa ninayoipenda ni maji yanapoanza kupwa, kamba na vidagaa wanapolazimika kutoka kwenye mizizi ya mikoko, nami nimekaa mbele ya mdomo wa kijito. Kungu na chewa huwapata karibu na mizizi, kolekole katikati ya mkondo.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kwamba fimbo si lazima. Kwa kuwa uzi umefungwa mgongoni, chambo hutetema vizuri hata kikivutwa wima kutoka chini ya hori (mtumbwi mdogo), na mvuvi mwenzangu aliyezoea mshipi wa mkono alikielewa mara moja, maana kidole chake husikia mtetemo vizuri kuliko fimbo yangu.

Nimekipeleka pia Malindi, kwenye mlango wa Mto Sabaki, ambako mvua zikinyesha bara maji huja mekundu kwa udongo. Samaki haoni mbali katika maji hayo, lakini msukosuko wa chambo humfikia mwilini, na ndiyo maana nakiamini zaidi hapo kuliko chambo kinachotegemea kung'aa. Anayekwenda Sabaki avulie nchi kavu, asiingie majini, kwani mna viboko na mamba.

Kasoro zake zipo. Samaki aina ya bunju hung'ata mkia, na mkia ukikatika mtetemo hupotea na chambo huwa hakina kazi tena. Ndoana zilizokuja na vile vya bei nafuu nilivyonunua zilikuwa nyembamba na zilinyooka kwa kungu mkubwa, kwa hiyo sasa hubadilisha ndoana kabla chambo hakijaingia majini. Karibu na mizizi huiondoa kabisa ndoana ya mbele. Hukosa samaki wachache, lakini chambo hurudi, na bei yake si ya kupoteza kila siku. Mbele ya uzi hufunga kipande cha nailoni nene chenye kitanzi, ili chambo kicheze kwa uhuru.

Baada ya kuvua hukisuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kukihifadhi peke yake, kwa kuwa baadhi ya mipira hii huyeyushana ikigusana na vyambo vingine laini. Anayetaka kuanza na kimoja tu achukue cha gramu 20, chenye rangi ya kamba, na ndoana za akiba zilizo nene.