Kupima skwea mita kwenye PDF: uzoefu wangu wa miaka miwili, Nakuru

Mimi na kaka yangu tunaweka vigae na kupaka rangi nyumba hapa Nakuru. Yeye yuko saiti na mafundi. Mimi nakaa na michoro, napiga hesabu na kuandika kotesheni. Kwa muda mrefu vifaa vyangu vilikuwa rula ya skeli, kikokotoo na karatasi ya A1 iliyotandazwa kwenye meza ya chakula. Siku hizi michoro haiji tena kwa karatasi. Inaingia kwenye simu au barua pepe ikiwa PDF, na mteja anataka bei kesho asubuhi. Ndipo nikaanza kupima kwenye kompyuta, na kwa miaka miwili sasa natumia Bluebeam Revu, programu ya kufungua na kupima michoro ya PDF.

Nianze na kosa lililonifunza kazi hii, kabla sijainunua hiyo Revu. Wakati huo nilikuwa na programu ya bure yenye zana ya kupima eneo. Tulipata nyumba moja Kiamunyi, ya mzee mmoja mstaafu, ghorofa moja na vyumba vya kutosha. Pembeni mwa mchoro iliandikwa skeli ya 1:100, yaani sentimita moja ya mchoro ni mita moja ya nyumba. Nikaingiza 1:100, nikabofya pembe za kila chumba, namba zikajijumlisha zenyewe, nikafurahi. Jumla ilikuja karibu skwea mita 452. Tukakubaliana bei ya jumla, vigae na leba pamoja, tukanunua.

Wiki ya tatu mzee akanipigia. "Mama, mbona vigae vimeisha na koridoo bado?"

Nilikwenda na futi ya mkono nikapima sakafu yote upya. Ilikuwa 480. Nilirudi nyumbani nikaufungua ule mchoro, nikapima ukuta ambao ulikuwa umeandikwa milimita 12,000. Programu ikasema 11,640. Hapo nikaelewa. Aliyeutengeneza mchoro, alipouhifadhi kama PDF, aliacha ile alama ya kuubana uenee kwenye karatasi ya printa. Mchoro ukapungua hadi asilimia 97 ya ukubwa wake, lakini maandishi ya 1:100 yakabaki palepale. Asilimia 3 kwenye urefu unaweza kuidharau. Kwenye eneo inapungua pande zote mbili: 0.97 mara 0.97 ni 0.94. Karibu asilimia 6 ya sakafu ilipotea, skwea mita 28 na ushei. Kigae cha 60 kwa 60 huja vinne kwa boksi, skwea mita 1.44. Hayo ni maboksi 20 niliyoyalipa kutoka mfukoni mwetu.

Na pesa haikuwa ndiyo iliyoniuma zaidi. Vigae huchomwa kwa awamu, na kila awamu ina shedi yake ya rangi, hata kama jina na namba ya kigae ni ileile. Tuliporudi dukani, awamu yetu ilikuwa imekwisha. Ile mpya ilikuwa nyeupe yenye umanjano kidogo. Ukikiweka kimoja hapa na kingine pale, huoni. Ukivipanga kandokando kwenye koridoo yenye dirisha mwishoni, unaona mstari. Kaka yangu alilazimika kung'oa vigae vya chumba cha wageni ambavyo gundi yake ilikuwa bado changa, akavipeleka koridoo, halafu chumba kizima akakiwekea awamu mpya. Mzee hakusema neno baya. Hilo ndilo lililonifanya nisilale.

Kwa hiyo ninapoipima programu yoyote ya kazi hii, swali langu la kwanza ni hili: inanisaidiaje kuikagua skeli? Revu nimeipenda hapo. Unachagua kulinganisha skeli, unabofya ncha mbili za kipimo kilichoandikwa, unaingiza urefu wa kweli, basi. Unaweza pia kuweka skeli ya mlalo na ya wima kila moja peke yake, maana iko michoro iliyovutwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Na kishale kinanata kwenye ncha za mistari, mradi faili limetoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea na si picha.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu: linganisha kwa kipimo kirefu kuliko vyote unachokiona. Wengi hubofya mlango, kwa kuwa wanajua mlango ni 900. Ukikosea kwa milimita 10 kwenye mlango wa 900, umekosea zaidi ya asilimia 1 kwenye urefu na zaidi ya 2 kwenye eneo. Kosa lilelile la milimita 10 kwenye ukuta wa 18,600 halionekani. Nikimaliza kulinganisha, napima kipimo kingine kilichosimama wima, halafu kimoja katikati ya nyumba. Vitatu vikikubaliana naanza kazi. Visipokubaliana, naandika ujumbe kwa msanifu na kuomba faili jingine. Nafanya hivi kwa kila ukurasa. Ukurasa wa ghorofa ya juu unaweza kuwa na skeli tofauti na wa chini hata kama vimetoka ofisi moja siku moja.

Lipo pia suala la A1 kuwa A3. Mchoro wa A1 ukipunguzwa hadi A3, urefu unakuwa nusu, na 1:100 inakuwa 1:200. Ukiisahau, eneo linatoka robo ya lile la kweli. Kosa hili halinitishi sana kwa sababu linapiga kelele: sebule ya skwea mita 6 hakuna asiyeishangaa. Ya kuogopwa ni ile asilimia 3 iliyokaa kimya.

Ukurasa mmoja ukiwa na ramani ya 1:100, mchoro wa nyumba kama imekatwa wima wa 1:50 na mchoro wa bafu wa 1:20, Revu inakuruhusu kuzungushia kila sehemu fremu yake yenye skeli yake. Hilo limeniokoa kwenye mabafu, ambako hesabu ya vigae vya ukutani ni ya kuchosha. Napima mzingo wa bafu, nazidisha kwa kimo cha vigae, tuseme 2.1, natoa mlango na dirisha. Kwenye sakafu kuna zana ya kukata: nguzo, tundu la ngazi na njia ya mabomba unavichora ndani ya eneo na vinatolewa kwenye jumla hapohapo.

Sasa rangi. Naona hii ndiyo sababu hasa ya kuendelea kulipa. Kila aina ya kigae naipa rangi yake: buluu sebule na koridoo, kijani maeneo ya maji, machungwa varanda. Chumba kikipimwa kinajaa rangi. Kisichopimwa kinabaki cheupe. Zamani kwenye karatasi zangu za hesabu, chumba kilichosahaulika hakikuwa na dalili yoyote, kwa sababu namba ambayo haikuandikwa haionekani. Sasa nayatafuta maeneo meupe. Mwaka jana nilikaa na mama mmoja wa mtaa wa Section 58, nikamwonyesha skrini. Hajui kusoma mchoro, alisema mwenyewe tangu mwanzo. Lakini aliangalia kidogo, akaweka kidole: "Na hapa nyuma, dada, mbona hamna rangi? Hapo ndipo nafulia." Ilikuwa ni sehemu ya kufulia ya skwea mita 7 ambayo mimi nilidhani itabaki saruji. Tuliiongeza kabla ya kutia sahihi, bila ugomvi.

Orodha ya vipimo vyote inakaa chini ya mchoro, na unaitoa ikawa faili la CSV linalofunguka kwenye Excel. Ukibofya mstari kwenye orodha, programu inakupeleka chumbani. Mteja akiuliza "hii 38 mmeitoa wapi?", namwonyesha. Pia msanifu akileta mchoro uliorekebishwa, unaweza kuulaza juu ya ule wa zamani kwa rangi mbili na ukaona ukuta uliosogezwa. Sijaitumia sana, ila mara moja ilinionyesha jiko lililoongezwa nusu mita.

Ziko namba ambazo programu haitakupa hata ikiwa na skeli safi. Wateja husoma eneo la nyumba lililoandikwa kwenye ramani, kisha wanauliza kwa nini langu ni dogo. Lile mara nyingi limepimwa nje ya kuta. Chumba cha mita 4 kwa 4 kwa nje, chenye kuta za milimita 200, ndani ni 3.6 kwa 3.6: badala ya 16 una 12.96. Vigae haviwekwi chini ya kuta. Vilevile paa. Jirani yetu mwenye kazi ya mabati aliniomba nimpimie, nikamwambia ramani inaonyesha kivuli cha paa tu. Paa lenye mwinamo wa digrii 25, kivuli cha skwea mita 200 ni mabati ya karibu 221, kabla ya kuhesabu pale yanapopandana. Na vigae nyongeza ya kukata bado ni yangu kuiamua. Huwa naweka asilimia 10, na zaidi vikipangwa kimshazari.

Mchoro uliopigwa picha kwa simu siupimi kabisa. Picha huwa pana upande uliokuwa karibu na kamera, na hakuna skeli moja inayoweza kuinyoosha. Nasoma vipimo vilivyoandikwa, halafu naenda saiti na futi.

Kuhusu gharama: tangu toleo la 21 la mwaka 2022, Revu inauzwa kwa usajili wa mwaka, si kununua mara moja ukamaliza. Programu yenyewe ya kompyuta ni ya Windows. Kwa fundi anayepata nyumba mbili kwa mwaka, simshauri. Zipo programu za bei nafuu zenye kulinganisha skeli na kupima eneo, na atafika. Sisi tunapima michoro karibu kila wiki, kwa hiyo inajilipa. Kazi iliyonila siku nzima na rula sasa naimaliza kabla ya chakula cha mchana, na sehemu kubwa ya muda huo ni kukagua.

Mzee wa Kiamunyi alirudi mwezi uliopita. Anajenga nyumba za kupangisha Lanet, na amekuja kwetu tena. Mchoro ni wa ofisi ileile, 1:100 imeandikwa palepale pembeni. Nilibofya ukuta mrefu wa mbele, ulioandikwa 24,000. Ukasoma 23,280. Nikalinganisha skeli, nikakagua vipimo vingine viwili, ndipo nikachukua rangi ya buluu.