Vifuniko vya vali vilivyoganda na sensa ya upepo: uzoefu wangu hapa Pemba

Kama vali za tairi za gari lako, yaani pale panapotiwa upepo, ni za chuma na zimevishwa vifuniko vya chuma vinavyong'aa, vitoe leo hii kabla havijagoma, uweke vya plastiki. Hapa Chake Chake kifuniko cha plastiki nimekinunua kwa shilingi 500. Kile cha chuma kilichoganda kwenye gari langu kilinifikisha kwenye gereji iliyonitajia shilingi 1,100,000, na hapo bado gharama ya kulivusha gari kwenda Unguja.

Gari lenyewe ni la mwaka 2015, limetoka Uingereza likiwa limeshatumika, na vifuniko hivyo lilikuja navyo. Naeleza lilikotoka kwa sababu jambo hili linawahusu zaidi wenye magari ya huko. Ulaya iliweka lazima kwamba gari jipya la abiria liwe na mfumo wa kuangalia upepo wa tairi, na kuanzia Novemba 2014 lazima hiyo ikahusu kila gari jipya linalouzwa. Marekani walitangulia, wao walikamilisha Septemba 2007. Noah na IST nyingi zinazotoka Japani hazina kitu hicho, kwa hiyo fundi pancha anaweza kufanya kazi miaka na miaka asikutane na sensa, yaani kile kifaa kidogo cha ndani ya tairi kinachopima upepo. Ukitaka kujua la kwako, tazama vali inapotokea kwenye rimu: ikiwa ni ya chuma na ina nati chini yake, basi kwa ndani mara nyingi kuna sensa imefungwa. Vali ya mpira nayo inaweza kuwa na sensa, ila si rahisi kuitambua kwa macho.

Siku iliponiharibikia nilikuwa natoka kwenda Mkoani kumpokea shemeji yangu bandarini. Taa ya upepo ikawaka, nikatazama, tairi la nyuma kushoto limelegea. Nikapita kwa fundi pancha anitilie upepo tu niondoke. Kifuniko hakikuzunguka. Kijana akachukua plaizi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, taratibu, humo ndani mna kitu." Akanijibu, "Kaka usiwe na wasiwasi, hiki kinataka nguvu tu." Akabana, akazungusha, na vali ikakatika usawa wa nati. Upepo ulitoka wote kabla hajainua mkono. Kijana mwenyewe alishtuka, maana vali za mpira alizozoea huwa zinapinda, hazikatiki.

Kipande kilichobaki kwenye plaizi nikakiweka mfukoni, na nimekitazama vizuri baadaye. Kifuniko ni cha shaba iliyopakwa rangi ya fedha. Shina la vali ni la alumini. Baina ya nyuzi za kimoja na nyuzi za kingine pamejaa unga mweupe mgumu, umeshindiliwa kiasi kwamba hata sindano haiingii. Huo unga ni kutu ya alumini. Metali mbili tofauti zikigusana na pakawa na maji ya chumvi baina yao, ile dhaifu ndiyo huliwa, na hapa dhaifu ni alumini. Kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo huvimba na kukibana kifuniko. Sasa fikiria kisiwa chetu, upepo wa bahari huku na huku, gari linaoshwa na kulala nje na umande. Kinachochukua muda mrefu bara, kwetu kinawahi.

Kwenye gereji ya kwanza niliambiwa mambo mawili: sensa zote nne zibadilishwe kwa mpigo, na gari livushwe Unguja likatiwe kwenye kompyuta ili lizitambue. Nikauliza kama haiwezekani kubadilisha shina peke yake. Jibu lilikuwa hapana, hata tairi halijafunguliwa. Jibu hilo ndilo lililonifanya niondoke. Sensa ziko za namna mbili: nyingine shina lake limefungwa kwa skrubu ndogo, unaweza kulinunua peke yake kwa bei nafuu, na nyingine shina na sensa vimeungana, kimoja kikivunjika vyote vimekwenda. Huwezi kujua ipi ni ipi mpaka uifungue, na fundi anayekupa bei kabla ya kutazama anakupa bei ya kubahatisha.

Yangu ilipofunguliwa ikaonekana ni ya kuungana, kwa hiyo sensa moja ilibidi inunuliwe. Moja, si nne. Hoja ya kubadilisha zote si ya uongo kabisa, na naieleza ili niwe mwadilifu: betri ya sensa imezibwa ndani kwa plastiki, haibadilishwi, na kwa kawaida hudumu baina ya miaka mitano na kumi. Kwa gari la 2015 zile tatu nyingine nazo ziko ukingoni. Lakini mimi nikaona bora kila moja ife kwa siku yake kuliko kulipa leo kwa kitu kinachofanya kazi.

Wengi walinishauri nitie vali ya mpira ya kawaida, nisahau. Ushauri huo una mantiki, kwa sababu gari litakwenda vilevile na vali hiyo ni bei ya chini. Niliukataa kwa sababu ya taa. Sensa ikikosekana, taa humetameta kwa muda wa dakika moja hivi unapowasha gari, halafu hubaki imewaka moja kwa moja. Taa inayowaka saa zote haikwambii kitu tena siku tairi linapopoteza upepo kweli. Nabeba watoto wa skuli, na barabara zetu zina milima na kona, nataka nijue.

Ufumbuzi niliupata kwa fundi wa Unguja kwa simu. Anauza sensa zile za kuprogramu, ambazo zikitoka kiwandani hazina namba, fundi ndiye anayezipa. Gari hutambua sensa kwa namba yake tu. Ukiipa sensa mpya namba ileile ya zamani, gari halijui kama kuna kilichobadilika, na halihitaji kutiwa kwenye kompyuta yoyote. Akaniambia, "Nipigie picha mgongo wa sensa, herufi na tarakimu zisomeke zote, na uniandikie gari ni la aina gani na mwaka gani." Nikaisugua kwa kitambaa, nikapiga picha mwangani, nikamtumia kwa WhatsApp. Mwaka na nchi gari lilikotoka vina maana kubwa hapa: sensa za magari ya Ulaya husema na gari kwa masafa ya redio ya megahezi 433, na za Marekani na Japani kwa kawaida ni 315. Ukitiwa isiyo yako inabaki bubu. Sensa ikaja kwa boti ikiwa imeshapewa namba. Bei, pamoja na kuprogramu na kuisafirisha, ilikuwa shilingi 120,000.

Kuifunga alinifungia mzee mmoja wa Machomanne, hapahapa Chake Chake, na huyu namsifu waziwazi. Kwanza alilivua tairi akianzia upande ulio mbali na vali, kwa sababu chuma cha kubandulia tairi kikiingia pale sensa ilipo huivunja. Pili, nati ya vali aliikaza kwa spana fupi na vidole viwili. Nikamuuliza, "Mzee wangu, itashika?" Akasema, "Mwanangu, kinachozuia upepo hapa ni raba, si nati. Ukiikaza kwa ubabe unaipasua raba na shina unalichosha." Tatu, aliangalia ule moyo wa vali, ile sindano ya ndani, akahakikisha ni wa nikeli mweupe na si wa shaba wa manjano. Sababu ni ileile ya kifuniko: shaba ndani ya alumini hugandana, na moyo ukishaganda huna njia ya kuutoa.

Vikabaki vifuniko vitatu vingine, vyote vimegoma. Alivipaka dawa ya kutu, akaniambia nirudi kesho yake. Kesho akavimwagia maji ya moto, akashika shina kwa plaizi moja chini kabisa, na kwa mkono wa pili akakipeleka kifuniko mbele kidogo na nyuma kidogo, mbele na nyuma, bila ya haraka, akiongeza tone la dawa kila kikikubali. Viwili vilitoka hivyo. Cha tatu kilikataa katakata. Akachukua kipande cha msumeno wa chuma, akakipasua kifuniko kwa urefu, polepole, mpaka alipoanza kuona unga mweupe akaacha ili asiziguse nyuzi. Halafu akatia bisibisi bapa kwenye ule ufa, akaigeuza robo, kifuniko kikafunguka. Shina zima. Nyuzi akazisafisha kwa mswaki mkavu, na kila vali ikapata kifuniko cha plastiki chenye kiraba ndani.

Mambo yakoje tangu wakati huo? Taa ilizima baada ya mwendo mfupi na haijarudi ovyo. Iliwaka mara nyingine nikiwa njia ya Wete, nikasimama, nikakuta msumari. Tairi bado lilikuwa na upepo wa kunifikisha kwa fundi. Kwa sensa hii ya kuprogramu natoa nyota nne. Nyota moja naipunguza kwa sababu ndani ya boksi hamkuwa na raba wala nati ya akiba, na vitu hivyo hutakiwa kila tairi linapovuliwa. Vifuniko vya plastiki nyota tano. Kila nikitia upepo navizungusha kwa vidole, vinatoka. Vya chuma siwezi kuvipa hata moja, na inaniuma kuviona vimetundikwa madukani kama pambo.

Mnaonunua sensa, msidhani taa inatosha peke yake. Sheria ya Marekani inaitaka iwake upepo ukishapungua kwa robo nzima, na ya Ulaya kwa asilimia 20, kwa hiyo inapowaka tairi limeshaumia. Geji ndogo ya mkononi bado inahitajika, na kipimo sahihi kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Hapa kwetu kuna tabia ya kutia psi 40 za upepo kila gari "kwa ajili ya mashimo". Langu limeandikwa 33 na ndiyo ninayoitaka. Na dawa ya maji ya kuziba pancha msikubali itiwe, inaweza kuziba kitundu cha sensa.

Wenye maduka ya spea hapa Chake na kule Wete, ombi langu ni hili: leteni raba, nati na mioyo ya nikeli ya vali za sensa. Magari ya Uingereza yanaongezeka kisiwani, na vitu hivyo ni vidogo, vinaingia kwenye mfuko wa shati. Mie mwenyewe nimeagiza seti kutoka Unguja mara hii, na ningependa seti ijayo niinunue hapahapa.