Kamera ya getini: picha safi, alamu za bure

Nimeifunga kwangu Nkuhungu, Dodoma, miezi mitatu sasa. Picha ni safi, hata usiku namba ya bodaboda inasomeka. Lakini alamu zake jamani! Wingu likipita mbele ya jua, simu inalia. Magharibi, picha ikigeuka kutoka ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe, inalia tena. Juzi saa nane usiku taa za lori zilifagia ukuta, mama akaamka anatetemeka akidhani wezi. Kumbe inalinganisha picha moja na inayofuata. Mwanga ukibadilika ghafla, yenyewe inaona kuna kitu kimetembea. Fundi amepunguza wepesi wake wa kuhisi na kuichorea kwenye picha eneo la mlango tu ndilo iliangalie. Afadhali sasa. Ila ningejua, ningeongeza hela nichukue inayohisi joto la mwili.