Udongo wa fedha: ununue upi, na kwa nini ubonyeze pakiti kwanza

Malalamiko mnayonitumia yamezidi, tena yanafanana: udongo wa fedha, yaani unga laini wa fedha uliokandwa kwa gundi na maji, unapasuka ukingoni mara tu mkiubandikia lesi ili uchukue nakshi. Lesi haina kosa. Mmeuziwa udongo uliokauka.

Usafi wa fedha sitaujadili. Ukichomwa sawasawa, gundi inateketea na inabaki fedha ya 999, yaani sehemu 999 za fedha tupu kwa kila 1000. Kinachoua nakshi ni unyevu, na Arusha wakati wa kiangazi upepo haukusubiri. Bonyeza pakiti kabla ya kutoa hela: udongo ubonyee wote, hadi kwenye pembe. Ukihisi pembe ngumu, rudisha.

Mimi ni wa Art Clay Silver, chapa ya kampuni ya Aida ya Japani. Ikichomwa husinyaa asilimia 8 hadi 10 tu, kwa hiyo pete haikugeukii kuwa ya mtoto, na kipande kidogo unakichoma kwa kichomeo cha gesi, umeme uwepo usiwepo. PMC3 ya Mitsubishi, chapa nyingine ya udongo wa fedha, inaifuata kwa karibu. Ukiikuta laini, chukua. PMC ile ya mwanzo husinyaa karibu asilimia 28 na hudai tanuri la nyuzi 900 za Selsiasi kwa saa mbili. Nakshi yake ikishasinyaa inatoka kali kweli, hereni zinapendeza, lakini tanuri tunalo wangapi? Udongo wa shaba ni wa bei nafuu, ila mara nyingi hufukiwa kwenye chenga za mkaa ndani ya tanuri. Basi.

Lesi nzuri zimo kwenye mitumba ya Memorial, Moshi. Ipake mafuta ya zeituni kidogo, kisha usukume udongo kwa unene wa karata nne au tano, maana nakshi inakula unene.

Sasa hawa wachuuzi wanaotuletea udongo kwenye mabegi. Wanavunja pakiti ya gramu 50, wanafunga vipande kwa nailoni, wanauza kwa gramu. Nailoni! Dola ikipanda, bei inapanda siku hiyo hiyo. Ikishuka, hakuna anayekumbuka. Ukilalamika unaambiwa udongo mkavu unasagwa na kurudishiwa maji. Ni kweli, lakini basi uuzwe kwa bei ya unga. Na anayekwambia tanzanite inachomwa humo humo pamoja na udongo, muulize kama atalilipa jiwe likipasuka.