TAHADHARI: Muuzaji wa "mkeka wa EMS" (mkeka wa umeme wa kukaza misuli) wa kuongeza nguvu za miguu

Wachezaji na wazazi wa Eastlands, Nairobi, msitume hela kwa huyu jamaa anayesambaza video kwenye TikTok na magrupu ya WhatsApp. Kijana wa jezi ya njano anasimama juu ya mkeka, kisha anaruka kama swala. Jamaa anadai ana duka barabara ya Luthuli, mjini. Nimeenda jengo analotaja. Ghorofa ile kuna fundi wa simu na mama wa makava, na hakuna anayemjua.

Ahadi yake: dakika kumi na tano kila jioni, hakuna skwati, hakuna kukimbia, na miguu inapata nguvu. Bei ni 4,500. Nusu unatuma kwanza kwa M-Pesa, baki unampa mtu wa boda, ambaye hakubali ufungue boksi kabla hujalipa. Winga wetu alipolifungua alipata plastiki nyembamba, rimoti ndogo, hakuna stika ya KEBS (shirika la viwango), na kijikaratasi kimeandikwa TENS. Jameni, TENS ni ya kutuliza maumivu kupitia neva. Ya kukaza misuli ni EMS. Kupiga simu kuuliza, ashablokiwa.

Tusidanganyane lakini, umeme kwenye misuli si uganga. Mafizio (wataalamu wa tiba ya viungo) huutumia mtu akishafanyiwa upasuaji wa goti na paja limegoma kukaza. Hata kwa mwanamichezo mzima, tafiti zimeonyesha paja linaweza kuongeza nguvu. Ila pedi hubandikwa pajani penyewe, na mkondo hupandishwa mpaka msuli ukaze kwelikweli (na si raha!), wiki baada ya wiki. Kuruka na kutimka ni jambo lingine tena: msuli lazima ufanye kazi kwa kasi na kwa kupatana na mwenzake, na hilo hulipati bila mazoezi. Mkeka wa kukanyaga unausikia kwenye nyayo, labda na shavu la mguu. Paja halina habari.

Mchezo huu si mgeni. Marekani, mwaka 2002, tume ya biashara ya FTC iliwashtaki wauzaji wa mikanda ya umeme ya tumbo kwa ahadi za namna hii hii.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba anawauzia pia akina mama wenye magoti mabovu na haulizi chochote. Mwenye kifaa cha moyo, mjamzito au mwenye kifafa hatakiwi kugusa vitu hivi bila daktari. Mgonjwa wa sukari aliyekufa ganzi nyayoni anaweza kuungua asijue.

Kama umeshatuma, fowadi ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 (nambari ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe) sasa hivi, kabla hajatoa pesa. Piga picha mazungumzo yote, nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio). Na akikuambia ufute malalamiko yako ndipo akurudishie, usifute. Dada mmoja wa Umoja alifuta, akablokiwa hapo hapo.